Kiapo cha Rejeta

Hapa Garsen hakuna mtu aliyewahi kunishika uongo. Nasema hivi bila kujisifu, au tuseme kwa kujisifu kidogo tu. Walimu wa sekondari walijaribu miaka minne mizima, na kila mara iliishia wao wakicheka na mimi nikirudi kukaa. Kwa hiyo gari la baba lilipochemka siku ya tatu tu baada ya kutoka kwa fundi, likavutwa na trekta la watu wa mpunga hadi mlangoni pa gereji ileile, sikuwa na wasiwasi. Maelezo nilikuwa nayo tangu njiani.

Fundi aliitwa Tsuma, Mgiriama mpole wa Tarasaa aliyekuja kufungua gereji kando ya barabara ya kuingia mjini. Mkewe, Kadii, alikuwa akiuza chai na mahamri palepale mbele. Baba yangu, mzee Huka, ni Muorma, mfugaji, mtu anayejua thamani ya kitu kwa kukifungua mdomo na kutazama meno. Probox ile ilikuwa mali yake ya kwanza isiyo na meno, na alimkabidhi mwanawe aliyesoma aiendeshe. Mwana huyo ndiye mimi, Jibril.

Tsuma alifungua kifuniko cha rejeta, akaingiza kidole, akakitoa kikiwa na matope ya rangi ya kiini cha yai. Alikinusa. Kisha, kama mtu anayeonja mchuzi jikoni kwa wenyewe, akakigusisha ulimini.

"Hii ni manjano," alisema.

"Manjano gani?" baba akauliza.

"Ya kupikia, mzee Huka. Kuna mtu ametia manjano kwa rejeta azibe tundu. Tundu limeziba, na kila kitu kimeziba. Maji hayakuzunguka. Kichwa cha injini kimepinda upya."

Baba alinigeukia pole pole, fimbo yake ikiwa begani. Alinitazama tu.

"Baba, hiyo ni kutu," nikasema. "Kutu na ile kulanti yake ya bei rahisi. Fundi ana njaa tu. Leo akifungua tangi la mafuta atataka ugali."

Waliokuwa wakinywa chai kwa Kadii walicheka. Hata kijana wa kuziba pancha alicheka, naye ni mwajiriwa wa Tsuma. Tsuma alifuta kidole chake kwa kitambaa, akafuta na vile vingine ambavyo havikuwa na kitu.

Wewe nitakwambia, maana huna gari gereji: ilikuwa manjano. Tsuma alipomaliza kubadilisha gasketi alituonya kwamba rejeta bado inatoa jasho mahali padogo, tumrudishie Ijumaa aichomelee, na kabla ya hapo gari lisiende mbali wala lisitiwe kitu ila kulanti yake ya kupozea injini. Baba alikubali. Mimi pia nilikubali. Lakini Alhamisi ni siku ya soko, Tarasaa ilikuwa imejaa abiria, na mimi nilikuwa na deni la simu. Njiani kurudi jasho likawa mtiririko. Dereva mmoja wa lori alikuwa ameniambia zamani kwamba manjano huziba rejeta kuliko hata solda. Nikayatia. Nilivyoyapata si muhimu. Abiria wangu walikuwa wameshuka kujinyoosha, na hakuna aliyeona kitu.

Gari lilienda kilomita nne likinukia pilau, halafu likalala.

*

Baba alikuwa amemlipa Tsuma elfu arobaini na mbili. Fedha hizo zilikuwa mafahali wawili, waliouzwa wakiwa wamekonda, bei ya ukame. Sasa Tsuma alikuwa akisema elfu ishirini na nane nyingine, tena akisema kwa aibu, kwamba hapo hajajitilia faida, ni vipuri tu na nauli ya kupeleka kichwa Malindi kusawazishwa.

Nyumbani mama yangu, Asli, alipiga hesabu kwa njia yake. Maziwa aliyokuwa akiuza mjini yalikuwa yakipelekwa na Probox. Sasa yalipelekwa na bodaboda iliyotaka shilingi mia mbili kila asubuhi, na ikichelewa maziwa yalifika yamekatika, na wateja walimrudishia huku wakinusa mtungi mbele ya watu. Alisimulia hayo bila kulalamika, akimwangalia baba. Mimi hakuniangalia. Mama ana tabia ya kutokuangalia mahali anapojua pana kitu.

Jioni baba aliniita nyuma ya zizi, mahali ambapo huwaambia watu mambo anayotaka ng'ombe tu wayasikie.

"Mwanangu," alisema, "mimi gari sijui. Ng'ombe najua. Ng'ombe akila kitu kibaya, mchungaji akaficha, ng'ombe anakufa na dawa iko. Kama kuna kitu, niambie sasa. Sitakupiga. Nitaenda niongee na fundi, tutapatana."

Ilikuwa nafasi nzuri. Mlango mpana kama ule ningeweza kuupita nimebeba kitanda. Lakini nilikumbuka kicheko cha pale gereji, na jinsi yule kijana wa pancha alivyonitazama kama shujaa. Ningerudi pale vipi?

"Hakuna kitu, baba," nikasema. "Fundi ndiye mchungaji aliyeficha."

Alitikisa kichwa taratibu, akaamini. Ningependa kusema kwamba usiku ule sikulala. Nililala vizuri sana. Hilo ndilo linaloniumiza sasa.

*

Wazo la mahakama lilikuwa langu. Niliwaambia kwamba siku hizi kuna mahakama ya madai madogo, huhitaji wakili, unajaza fomu tu na kusema shida yako. Baba hakutaka. Alisema Tsuma amekula kwake Idd mbili. Nikamwambia asiyetaka haki yake basi aache kuuliza mafahali wake walikokwenda. Maneno hayo yalikuwa makali kuliko nilivyokusudia, lakini yalifanya kazi.

Fomu niliijaza mwenyewe, kwa mwandiko wa mtihani. Niliandika kwamba mdaiwa alifanya kazi kwa uzembe uliokithiri na kuisababishia familia ya mdai dhiki isiyosemeka. Baba aliniomba nimsomee, kisha akauliza kama Tsuma kweli ni mtu wa namna hiyo. Nikamwambia hiyo ni lugha ya fomu.

Siku ya kuitwa, Tsuma alikuja na shati la kanisani. Mikono alikuwa ameisugua kwa mchanga na sabuni mpaka imechubuka, lakini mafuta ya gari hayaogopi kanisa. Alipopewa karatasi atie sahihi, kidole chake kiliacha alama nyeusi pembeni. Akaomba radhi. Akajaribu kuifuta kwa mkono wa shati, ikazidi kuenea, na shati nalo likaharibika. Karani alimwambia si kitu, aketi. Hakuketi. Alibaki amesimama na karatasi ile ameishika kwa ncha za kucha, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa mkubwa.

Hakimu alikuwa mama mtulivu. Aliwasikiliza wote wawili, akauliza kama kuna fundi mwingine aliyelikagua gari. Hakukuwa. Akasema basi ama waje na mkaguzi baada ya wiki mbili, ama wakae wapatane, na wakipatana wamletee maandishi, yeye atayaweka kuwa amri.

Mkaguzi wa karibu alikuwa Malindi, na alitaka elfu sita kabla hajapanda gari. Nje ya lango, Tsuma alitufuata. Alisimama mbele ya baba, akaongea naye kana kwamba mimi ni mti.

"Mzee Huka, mimi elfu sita sina, na wewe nadhani huna. Tusipeane hasara. Mimi si Mwislamu, lakini nimekaa na nyinyi tangu nikiwa kijana, najua Kitabu chenu hakichezewi. Huyu ndiye alikuwa na gari. Na aape. Akiapa kwamba hakutia kitu, mimi nitakurudishia fedha yako yote na sitasema neno."

Kadii, aliyekuwa nyuma yake, alimshika mkono. Alimwambia kwa Kigiriama maneno niliyoyaelewa vizuri kuliko nilivyotaka: kwamba anampa mtoto wa watu kisu na kumwonyesha shingo. Tsuma alimjibu kwamba mtu hawezi kuuza akhera yake kwa sababu ya rejeta.

Baba alimpa mkono. Nilimwona usoni amepata nafuu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kwake jambo lilikuwa limekwisha: kiapo kingesema, na yeyote atakayeshinda, wangeendelea kusalimiana.

*

Maalim Swaleh wa madrasa hakufurahi. Aliniambia kiapo si spana, kwamba hukichukui ukafungulia kitu halafu ukakirudisha kwenye boksi. Alinipa siku mbili nifikirie. Siku ya pili baada ya alasiri tulikutana barazani pa msikiti: baba, Tsuma, Maalim na wazee wawili mashahidi. Maalim aliniambia nikatawadhe kwanza.

Sasa sikiliza akili ya mtu aliyefika kidato cha nne. Nilikuwa nimesikia mahali, au labda nilijitungia, kwamba kiapo cha mtu asiye na udhu hakimshiki. Nilikiona kama cheki isiyo na sahihi. Nikaingia mahali pa kutawadha, nikafungua bomba, nikayaacha maji yaende huku nimesimama pembeni nikitazama miguu yangu mikavu. Nilihesabu mpaka sitini. Nililowesha ncha za nywele ili nionekane. Nikafunga bomba, nikatoka nikijifuta uso usiokuwa na tone.

Niliweka mkono juu ya Msahafu, nikainamisha kichwa. Wazee walidhani ni uchaji.

"Wallahi," nikasema, "sikutia kitu katika gari lile ila maji na kulanti."

Maalim aliniangalia usoni, kisha nyweleni, kisha usoni tena. Akaufunga Msahafu katika kitambaa chake.

Tsuma alisema "Haya." Alisema hivyo tu. Aliinama akatafuta viatu vyake kati ya viatu vyetu, akavaa cha kushoto, akasahau kufunga kamba. Nilimwona akivuka barabara na kamba ile ikiburutika. Nitakayosimulia sasa ya nyumbani kwake niliyasikia kwa majirani, mengine nimeyakisia, lakini nimekisia kwa mtu ninayemjua. Usiku ule alimwambia Kadii kwamba pengine amekosea. Pengine ni kutu kweli. Pengine mdomo wake umezeeka, hautofautishi tena. Kadii aliumia kwa hilo kuliko kwa fedha: mumewe, ambaye husikia ugonjwa wa injini kutoka ng'ambo ya barabara, alikuwa ameanza kutoamini ulimi wake mwenyewe.

*

Kompresa yake ilinunuliwa na mtu wa Minjila kwa elfu ishirini na tano. Mashine ya kuchomelea ilikwenda kwa kumi na mbili. Zilizobaki alikopa kanisani. Niliipita gereji asubuhi moja nikamwona akijaza upepo gurudumu la lori kwa pampu ya mguu, anapanda na kushuka, anapanda na kushuka, jasho limemroanisha mgongo mzima. Kijana wa pancha hakuwepo tena. Hakuwa na mshahara wa kumlipa.

Nilikuwa nimekwenda kununua mahamri. Sijui kwa nini nilienda pale, Garsen ina mahamri sehemu nyingi. Kadii alinifungia matano ya kuhesabu kwenye gazeti, kisha akaongeza la sita.

"Hilo silo langu, mama," nikamwambia.

"Chukua tu, mwanangu," akasema. "Kwenu gari limekufa, najua mnahangaika."

Lile la sita nilimpa mbuzi. Hakulikataa, mbuzi hana habari za watu.

Ungedhani baada ya hapo ningefunga mdomo. Badala yake nilikwenda stendi. Waliniuliza habari za kesi, na mimi mtu akiniuliza habari hujikuta nimesimama juu ya kitu ili wote waone. Niliigiza Tsuma akilamba kidole. Niliigiza hakimu. Nikawaambia baba analipwa hasara yote ya Alhamisi ile, Jumamosi saa nne, taslimu, na kwamba yeyote aliyedhulumiwa na fundi hapa Garsen aje nimjazie fomu. Walicheka mpaka makanga mmoja akakosa abiria. Habari za namna hiyo hapa hazihitaji gari, zinakwenda kwa miguu na zinafika kabla yako.

*

Jumamosi Tsuma na Kadii walikuja nyumbani saa nne kasoro. Mama alitandika jamvi kivulini mwa nyumba, akaleta chai ya maziwa. Tsuma alitoa bahasha mfukoni na kuiweka mbele ya baba. Baba alitaka kuipokea bila kuhesabu. Tsuma akamwomba ahesabu, tafadhali, ili neno liishe. Basi baba akahesabu, noti moja moja, na kila noti niliiona imetoka wapi: hii ni mpira wa kompresa, hii ni kengele ya kanisa.

Alipomaliza alizipanga noti juu ya jamvi. Kisha akasema amefikiri, na kwamba katika arobaini na mbili atachukua thelathini, kumi na mbili arudi nazo Tsuma akakomboe mashine yake ya kuchomelea, kwa sababu fundi bila moto atamlipa nani. Mama aliitikia kwa kichwa. Tsuma alikataa, baba akashikilia, na wakawa wanasukumiana noti zile juu ya jamvi, wazee wawili, kila mmoja akitaka mwenzake asiumie. Mimi nilikuwa nimeegemea nguzo. Nikasema moyoni: sasa. Sema sasa. Nikafungua mdomo, nikasema chai imepoa niwaongezee.

Ndipo tuliposikia hodi.

Alikuwa mama wa makamo, leso mbili, kikapu kichwani. Alisema anaitwa Gladys, ametoka Hewani, ni muuza ndizi. Mama alimkaribisha, akampa kikombe. Yeye alisalimia watu wote kwa zamu, akauliza habari za mifugo na za mvua, akanywa nusu ya chai kabla ya kufika kwenye jambo. Alisema amesikia stendi kwamba mzee Huka analipwa hasara ya ile Alhamisi.

"Nami nina hasara yangu ya siku hiyohiyo, mzee," alisema, kwa heshima kabisa. "Nilikuwa ndani ya hiyo gari yako. Nililipa mia mbili, nikaachwa barabarani na ndizi zangu mpaka zikaiva. Sikuja kugombana. Nimeona, kama wewe umepata, na mimi nipate."

Baba alicheka, mara yake ya kwanza mwezi ule. Alisema hiyo ni haki wazi, kwa nini hakuja mapema. Akachomoa mia mbili, akampa kwa mikono miwili. Gladys akazifunga kwenye pindo la leso. Nilianza kupumua tena. Nikasogea kumchukulia kikapu nimsindikize, nikamwambia njia ya huku nyuma ni fupi zaidi.

"Asante, dereva," akasema, akinitazama kwa furaha, kama mtu aliyekutana na ndugu. "Hukunisahau. Na hamsini ya manjano?"

"Manjano gani?" baba akauliza.

Ni maneno yaleyale aliyomuuliza Tsuma mbele ya bonneti. Kikombe cha Tsuma kilisimama njiani kuelekea mdomoni.

"Mama huyu ananifananisha," nikasema haraka. "Madereva wa Garsen wote sura moja, ni jua." Nikacheka. Nilicheka peke yangu, na kicheko kile sikuweza kukimaliza wala kukiacha.

"Nikufananishe?" Gladys alishangaa bila ubaya wowote. "Si wewe uliniambia nikuuzie zile pakiti za harusi ya mdogo wangu, utanilipa tukifika? Nikakuuliza gari inakula pilau? Ukaniambia leo ni sikukuu yake."

Kadii aliweka mkono juu ya goti la mumewe. Mama alikuwa akiniangalia, sasa moja kwa moja. Baba hakunitazama kabisa. Alikuwa akizitazama zile noti zilizotawanyika juu ya jamvi, kati yake na Tsuma, na alipoongea sauti yake ilikuwa ya chini sana, ile anayoitumia kwa ng'ombe aliye mgonjwa.

"Mama, niambie pole pole. Ulimpa pakiti ngapi?"

"Mbili, mzee," alisema Gladys. "Ya kwanza haikutosha. Mimi ndiye niliyemshikia kifuniko."